Maumivu Yako ni ya Kweli, na Yanaweza Kupungua

(Hotuba hii ilitolewa jijini Tanga mbele ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, familia zao na wahudumu wa afya. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, habari za asubuhi. Manesi na matabibu mliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, nawashukuru sana. Nawaona pia waliosimama kule nyuma. Najua baadhi yenu hamkukosa viti; mmesimama kwa sababu kukaa kunawaumiza. Simameni kwa amani. Anayetaka kutembeatembea wakati naongea, atembee. Anayetaka kujilaza kwenye mkeka, ajilaze. Hapa hakuna atakayemkodolea mtu macho.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu hamjawahi kuambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Maumivu yako ni ya kweli. Wewe ambaye picha ya eksirei ilitoka safi, maumivu yako ni ya kweli. Wewe uliyeambiwa "hatuoni kitu, nenda ukapumzike," maumivu yako ni ya kweli. Wewe mama ambaye mawifi wanasema unajidekeza ili usichote maji, maumivu yako ni ya kweli. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hakuna mashine, hapa wala Ulaya, inayoweza kupima maumivu ya mtu ikatoa jibu kwamba huyu anaumwa na huyu anajifanya.

Kwa nini nalitanguliza hili? Kwa sababu nimekuja kuzungumza juu ya kutuliza maumivu kwa njia ya akili, ya pumzi, ya maneno, ya kuwa na mtu karibu. Na najua maneno hayo yanavyosikika masikioni mwa mtu aliyeumwa miaka. Ukimwambia "tutayafanyia kazi mawazo yako," yeye anasikia "huumwi, una kichaa." Anachukua mkoba wake anaondoka, na ana haki ya kuondoka. Kwa hiyo nataka tukubaliane kabla hatujaenda mbali: kusema kwamba akili ina sehemu katika maumivu si kusema kwamba maumivu ni ya kubuni. Maumivu yote, hata ya mguu uliovunjika kwa bodaboda jana, yanahusisha mwili na akili kwa pamoja. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kiliandika hivyo mwaka 1979, na kikarudia mwaka 2020 kiliporekebisha maelezo yake: maumivu ni hali ya mwili kuhisi na ya moyo kuathirika, yote mawili.

Sasa nianze na fundi mmoja wa ujenzi.

Mwaka 1995 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha habari fupi ya kijana wa miaka 29 aliyefika hospitali baada ya kuruka na kutua juu ya msumari wa sentimita 15. Msumari uliingia kwenye soli ya buti ukatokea juu. Kijana alikuwa na maumivu makali kiasi kwamba msumari ukitikiswa kidogo tu, anapiga kelele. Wakamchoma fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu kuliko hata mofini, wakamtuliza, wakauvuta msumari. Kisha wakamvua buti. Msumari ulikuwa umepita katikati ya vidole. Mguu haukuwa na hata mkwaruzo.

Nawauliza: kijana yule alikuwa anadanganya? (Sauti ukumbini: Hapana!) Hapana. Alikuwa anaumwa, tena sana. Macho yake yaliona msumari umetokeza juu ya buti. Ubongo wake ukajumlisha: msumari, buti, mguu wangu. Ukatoa maumivu ili kuulinda mguu ule. Ulikosea hesabu, lakini maumivu yalikuwa maumivu.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1944, katika vita vya Italia, daktari wa nusu kaputi wa jeshi la Marekani aitwaye Henry Beecher alikuwa akipokea askari waliojeruhiwa vibaya. Mifupa imevunjwa na mabomu, matumbo yamepasuliwa. Aliwauliza wale waliokuwa na fahamu zao: mnataka dawa ya maumivu? Karibu robo tatu wakasema hapana. Baadaye, akiwa amerudi uraiani, akawauliza wagonjwa wa kawaida waliofanyiwa upasuaji, wenye vidonda vidogo kuliko vile. Wengi wao waliomba dawa. Beecher alijiuliza tofauti iko wapi, na jibu lake ni hili: kwa askari, jeraha lilimaanisha vita vimekwisha kwake na anarudi nyumbani akiwa hai. Kwa raia, kidonda kilimaanisha balaa ndiyo kwanza inaanza.

Msumari usiogusa nyama, maumivu makubwa. Tumbo lililopasuliwa, maumivu kidogo. Ndugu zangu, maumivu hayapimi ukubwa wa jeraha. Maumivu ni uamuzi wa mwili kwamba kuna hatari na lazima ujilinde. Na uamuzi huo unachanganya kila kitu: kinachotoka kwenye nyama na mfupa, unachokiona, unachokikumbuka, ulichoambiwa, unachokiogopa, na kama jana ulilala au hukulala.

Mwaka 1965, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza jinsi jambo hili linavyowezekana. Walisema ndani ya uti wa mgongo kuna lango. Habari ya hatari kutoka mguuni haipandi tu moja kwa moja hadi ubongoni. Inafika langoni kwanza, na lango linaweza kufunguka zaidi au kufungika. Mguso hulifunga kidogo, na ndiyo maana mtoto akijigonga unamsugua pale pale bila kufundishwa na yeyote. Na ubongo nao hutuma amri kutoka juu. Hofu, hasira na kukosa usingizi hufungua. Usalama, matumaini, kuzama kwenye kazi unayoipenda, hufunga. Mengi ya maelezo yao ya ndani yamesahihishwa tangu hapo, lakini kiini kimesimama mpaka leo: ubongo haupokei tu, unaamrisha.

Je, maumivu yakizidi miezi mitatu inakuwaje? Hapo ndipo wengi wenu mlipo, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Fikirieni mbwa wa ulinzi. Usiku mmoja nyumba inavamiwa. Mbwa anabweka, mwizi anatimua mbio, mbwa amefanya kazi yake. Lakini tangu usiku ule mbwa amebadilika. Anambwekea muuza maziwa. Anambwekea baba mwenye nyumba akirudi kazini. Jani likianguka, anabweka. Je, kubweka kwake si kwa kweli? Ni kwa kweli, mtaa mzima haulali. Je, mwizi yupo? Mwizi aliondoka zamani. Ukimpiga mbwa yule, atazidi. Ukimfungia ndani asimwone mtu, hatajifunza kamwe kwamba muuza maziwa hana neno. Ndivyo mishipa ya fahamu inavyokuwa baada ya miezi ya maumivu: inashtuka kwa kitu kidogo, inalinda hata pasipo na hatari. Nyama imepona, mfupa umeunga, lakini ulinzi haujashuka.

Na sisi wahudumu wa afya, kwa maneno yetu, mara nyingi ndio tunaoupandisha zaidi.

Mtu anaumwa kiuno. Anakopa, anauza mbuzi, anasafiri hadi mjini kufanya kipimo cha picha cha MRI. Majibu yanarudi: diski, yaani vile vimito vilivyo kati ya pingili za mgongo, zimechakaa, moja imetokeza. Anaambiwa, "Mgongo wako umekwisha. Usiiname. Usibebe kitu." Anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Sasa sikilizeni hesabu hii. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Watu wasiolalamika mgongo, wanaofanya kazi zao. Katika wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Katika wenye miaka 50, asilimia 80. Katika wenye miaka 80, asilimia 96. Na diski iliyotokeza? Kwa wenye miaka 50, asilimia 60 walikuwa nayo, na hawaumwi!

Narudia, hawaumwi. Kuchakaa kwa diski kwa watu wengi ni kama mvi, ni umri. Hakuna anayekopa fedha kutibu mvi. Lakini mtu akishaambiwa mgongo wake umekwisha, anaanza kuishi kama mtu ambaye mgongo wake umekwisha.

Niwaeleze juu ya mama mmoja, nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Alikuwa anauza samaki. Alianguka na ndoo, kiuno kikauma, akaambiwa asiiname tena. Akatii. Akaacha ndoo. Akaacha kufagia uwanja. Akaanza kuswali kwenye kiti. Akaacha kumbeba mjukuu. Mwisho akawa hatoki ndani, kwa sababu kutoka kulimaanisha kukutana na watu wanaouliza "bado tu?" Kila alichoacha kilimwondolea maumivu kwa siku chache, kisha maumivu yakamfuata kwenye kile kidogo kilichobaki. Misuli ikalegea, usingizi ukapotea, moyo ukaingia giza. Na ulinzi ukazidi kupanda, maana mwili haukupata hata mara moja nafasi ya kujifunza kwamba kuinama hakuvunji mgongo.

Tulifanya nini naye? Hatukumpa dawa mpya. Kwanza tulimpima vizuri, tukahakikisha hakuna ugonjwa wa hatari, na hilo nitalirudia. Kisha tukakaa naye tukamweleza haya ninayowaeleza ninyi. Alilia, kwa sababu alikuwa ameamini siku moja akiinama uti wa mgongo utakatika. Halafu tukaanza kuinama. Kwanza akiwa amelala chali, magoti kifuani. Siku nyingine akiwa amekaa, mikono ikitafuta sakafu. Kisha kuokota kijiko. Kisha kikombe chenye maji. Kisha ndoo tupu. Kila hatua alikuwa anaulizwa: unadhani nini kitatokea? Na baada ya hatua: kimetokea? Ndoo yenye samaki ilikuja mwisho kabisa. Maumivu hayakuisha yote, siwadanganyi. Yalipungua, na yakaacha kuwa mkuu wa nyumba. Leo yuko sokoni, na akisujudu, anasujudu chini.

Hapo pana siri moja ya kazi hii ambayo nataka mwondoke nayo, hasa akina mama. Siku njema mnafanya nini? Mnafua nguo za wiki nzima, mnapiga deki nyumba yote, mnakwenda shamba. Siku mbili zinazofuata mnalala kitandani. Kisha siku njema nyingine, vile vile. Mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa Seattle, Marekani, aliliona hili kwa wagonjwa wake miaka ya 1960 na 1970, akapendekeza kitu rahisi sana: maumivu yasiwe ndiyo saa yako. Panga kabla. Kama unaweza kufua dakika ishirini bila tabu kubwa, leo fua kumi na tano, kisha pumzika, hata kama unajisikia vizuri. Kesho kumi na tano. Wiki ijayo kumi na saba. Unaongeza kwa mpango, hungojei maumivu yakuamrishe kuacha, na huendelei kwa sababu leo hayapo. Inachosha moyo kwenda taratibu hivyo. Waume na watoto mliopo hapa, hapo ndipo msaada wenu unapohitajika: msiseme "mbona jana uliweza nusu saa?"

Nimeshataja maneno, na sasa niwageukie manesi wenzangu.

Je, maneno ni dawa? Mwaka 1978 huko California, Levine, Gordon na Fields walifanya jaribio kwa watu waliotoka kung'olewa magego. Wapo waliopewa kitu kisicho na dawa ndani yake wakidhani ni dawa, na maumivu yakapungua. Wengi tungesema basi, hao walijidanganya. Wale watafiti hawakuishia hapo. Waliwapa naloksoni, dawa inayozuia mofini isifanye kazi. Maumivu yakarudi. Kama hapakuwa na dawa, naloksoni ilizuia nini? Ilizuia mofini ya mwili wenyewe. Ubongo, kwa kutarajia nafuu tu, ulikuwa umefungua stoo yake ya dawa.

Na kinyume chake je? Mwaka 2011 Ulrike Bingel na wenzake waliwachukua watu 22 wenye afya, wakawawekea joto la kuumiza mguuni, na kwenye dripu wakawawekea dawa kali ya jamii ya mofini. Dawa ilikuwa inaingia muda wote kwa kiwango kile kile. Mwanzo hawakuambiwa kwamba imeanza. Maumivu yakapungua kiasi. Kisha wakaambiwa, "Sasa tunaanza dawa." Nafuu ikawa mara mbili. Kisha wakaambiwa, "Sasa tumeisimamisha, maumivu yanaweza kuzidi." Haikusimamishwa, iliendelea kuingia. Lakini nafuu ikatoweka karibu yote. Dawa ipo mshipani, neno limeifuta!

Manesi, mmesikia? Ukichoma sindano huku umenuna, bila kumwambia mgonjwa ni ya nini, umetoa nusu ya dawa. Ukisema "hii haitakusaidia sana lakini hatuna nyingine," umechota hata ile nusu. Sisemi mdanganye. Wagonjwa wana haki ya ukweli. Ila kusema "hii ni dawa ya maumivu, itaanza kufanya kazi baada ya nusu saa, nitarudi kukuona" ni ukweli mtupu, haina gharama, na bohari ya dawa haiwezi kuishiwa nayo. Najua wodi zimejaa. Najua nesi mmoja ana wagonjwa arobaini. Lakini sentensi ile ni ya pumzi moja.

Nawaomba sasa twende leba, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu unapouma zaidi.

Wanawake wangapi hapa walijifungua peke yao? Sina maana bila mkunga. Nina maana mama yako amezuiwa getini, dada yako amebaki nje na ndoo na kanga, na wewe ndani kitandani, uchungu unakuja na kuondoka, hakuna mkono wa kushika. (Mikono mingi inanyooka.) Tazameni. Tazameni mikono hiyo, enyi mnaoongoza vituo.

Mwaka 1980 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa Guatemala katika hospitali yenye msongamano kama wetu. Wanawake wa uzazi wa kwanza waligawanywa: wengine walizaa kwa utaratibu wa kawaida, peke yao; wengine walipewa mwanamke wa kukaa nao tu. Hakuwa mkunga. Hakuwa hata ndugu, hawakuwahi kuonana naye. Kazi yake ilikuwa kuongea naye, kumsugua mgongo, kumshika mkono. Kwa waliojifungua bila matatizo, wasiokuwa na mtu walikaa kwenye uchungu wastani wa saa 19.3. Waliokuwa na mtu, saa 8.8. Haukuwa utafiti mkubwa, na tofauti kubwa kiasi kile haikurudi katika tafiti zilizofuata. Lakini mwelekeo ulibaki ule ule. Mwaka 2017 matokeo ya majaribio 26 yalikusanywa pamoja, zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kuwatia moyo mwanzo hadi mwisho walihitaji dawa za maumivu kwa uchache zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi kiasi, wachache zaidi walifanyiwa upasuaji, na wachache zaidi walibaki na kinyongo na siku ile. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mwenzi amtakaye wakati wa kujifungua.

Bibi zetu walijua. Mwanamke hakuachwa peke yake katika saa ile. Palikuwa na mkunga, palikuwa na shangazi, palikuwa na mikono. Tulipohamia hospitali tulipata usalama mkubwa na sitaki mtu anisikie vibaya, kazaeni hospitali. Lakini kwa nini tuliiacha mikono getini? Sababu ninayopewa kila mara ni faragha: vitanda viko pamoja, mwanamume au mgeni hawezi kuingia. Basi tununue mapazia. Nasema kwa uzito wote: pazia ni kifaa cha kutuliza maumivu. Liandikwe kwenye bajeti pamoja na glovu.

Juu ya pumzi na utulivu nitapita haraka, kwa sababu baadaye tutafanya kwa vitendo. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya chuo kikuu huko Worcester, Marekani, mafunzo ya wiki kadhaa kwa watu ambao madaktari walikuwa wamewamalizia njia, wengi wao wenye maumivu sugu. Aliwafundisha kukaa kimya, kufuata pumzi, na kuyatazama maumivu yanavyopanda na kushuka bila kupigana nayo. Mwaka 2016 njia hiyo ilipimwa Marekani kwa watu 342 wenye maumivu ya mgongo. Baada ya miezi sita, asilimia 61 ya waliofundishwa walikuwa wanaweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi. Waliopata tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na matendo, asilimia 58. Walioendelea na matibabu ya kawaida, asilimia 44. Hamuoni muujiza hapo, na mimi siuoni. Ninaona watu wengi waliorudi kwenye maisha yao bila kidonge cha ziada, bila kuharibu figo wala tumbo.

Wapo walioenda mbali zaidi. Huko Boulder, Colorado, walijaribu kuwafundisha watu, kwa wiki nne, kuyaelewa upya maumivu yao ya mgongo kama ishara ya ulinzi uliokosea, kama kule kubweka tulikozungumza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: theluthi mbili ya waliofundishwa waliachwa na maumivu au wakabaki na kidogo sana. Ni utafiti mmoja, wa watu 151, na maumivu yao hayakuwa ya kiwango cha juu kabisa. Nautaja kwa sababu unatoa tumaini, na nasema mipaka yake kwa sababu mmeshauziwa matumaini ya uongo ya kutosha, kwenye vipaza sauti vya sokoni na kwenye simu zenu.

Kwa wanaouliza kama hayo ni mambo ya dini za wengine: mwaka 2001 mtafiti wa Italia, Luciano Bernardi, alipima watu wakisali rozari kwa Kilatini na akaona pumzi yao inashuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na moyo unatulia. Hakupima maumivu, alipima moyo na pumzi. Lakini mwenye rozari, mwenye tasbihi, mwenye wimbo wa kanisani wa polepole, tayari una mlango nyumbani kwako. Uingie kwa huo.

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Sikilizeni kwa makini, hasa mliokuja kwa niaba ya mgonjwa aliye nyumbani.

Haya yote si badala ya kupimwa, wala si badala ya dawa. Kiuno kinachouma pamoja na ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu kuishiwa nguvu: hospitali leo, si kesho. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda: inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kinatibika. Maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, apimwe. Mtoto mwenye selimundu akipata maumivu makali, usimwambie avute pumzi ukaishia hapo. Apewe maji na dawa, apelekwe hospitali, na huko apewe dawa ya nguvu inayostahili. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na bado kuna wodi ambamo kijana mwenye selimundu anaitwa teja kwa kuomba mofini. Hilo ni jambo la aibu.

Na mgonjwa wa saratani apewe mofini. Asinyimwe kwa kisingizio cha saikolojia. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, ndiye aliyetufundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne: mwili, moyo, jamaa zake na roho yake. Lakini yeye huyo huyo ndiye aliyesisitiza mofini itolewe kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi. Anne Merriman akaileta hekima hiyo kwetu Afrika Mashariki, Nairobi mwaka 1990, kisha Uganda mwaka 1993, kwa mofini ya maji inayochanganywa hapa hapa kutoka kwenye unga, kwa bei ambayo maskini anaimudu. Tangu 2004 Uganda inawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Wauguzi hao hukaa kitandani kwa mgonjwa, humuuliza ada ya mtoto itatoka wapi, huzungumza na ndugu waliogombana, na kisha humpimia mofini yake. Hawachagui kimoja.

Kwa mgongo wa kawaida uliozidi miezi mitatu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unasema: elimu, mazoezi, tiba ya kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe pale zinapofaa. Mikanda ya kiuno haipendekezwi. Kuvutwa mgongo kwa uzito hakupendekezwi. Dawa za jamii ya mofini, kwa mgongo huo, hazipendekezwi. Wengine wenu mmevaa mikanda hiyo sasa hivi chini ya nguo. Msiivue hapa kwa ghafla. Tutapanga na kila mmoja jinsi ya kuiacha kidogo kidogo, huku misuli ikirudi kazini.

Tutapumzika dakika kumi, kuna chai pale mlangoni. Tukirudi, tutasogeza viti pembeni tufanye pumzi kwanza, kisha kuinama, kila mtu kwa kiasi chake. Mwenye ujauzito na mwenye presha waje wanione kabla hatujaanza. Ndugu na walezi, msitoke; zoezi la pili ni lenu, la namna ya kumsugua mtu mgongo na namna ya kumuuliza hali bila kumhoji. Maswali ya hadharani tutayachukua saa sita. Mwenye swali la faragha atanikuta kwenye benchi la nje, chini ya mwembe, mpaka mtu wa mwisho atakapoondoka.